Jaruba Lililokauka Peke Yake

Inspekta Tsubokawa Masae alichuchumaa ukingoni mwa Chemchemi ya Tenjin, akatia mkono mahali ambapo maji yalitakiwa kumfika kwenye kiwiko. Aligusa changarawe kavu. Katikati ya bwawa kilibaki kidimbwi cha ukubwa wa sinia, na ndani yake samaki saba wadogo wenye miiba mgongoni walikuwa wakizungukana bila pa kwenda.

"Oktoba walikuwa zaidi ya mia mbili," alisema Kuroyanagi, mkuu wa idara ya maji ya mji wa Kuzugahara. Alikuwa amesimama nyuma yake kwa koti refu jeusi, faili kwapani. "Na si samaki tu. Mtaa wa chini nyumba kumi na moja pampu zao zinavuta hewa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeona mtu wa mji huu ananunua maji ya chupa dukani. Alikuwa ameyaficha chini ya mboga."

Watu wa Kuzugahara hawana bomba la serikali na hawalitaki. Kila nyumba ina kisima chake na pampu yake. Chini ya mji mzima, tangu zamani za mababu, mto Kurase uliweka mchanga juu ya kokoto na kokoto juu ya mchanga, na katika mashapo hayo ndimo yanamokaa maji yao. Wanayapikia wali, wanayatengenezea pombe ya sake na tofu ya soya, na wanayasifu mbele ya kila mgeni mpaka mgeni anachoka. Kwa kuwa wanachota mwaka mzima, kila majira ya baridi wakulima hufungulia maji ya mto kwenye majaruba yao ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, yakae humo siku arobaini, yazame taratibu na kurudisha chini kile kilichotolewa. Anayesimamia kazi hiyo na kuandika kitabu chake huitwa msimamizi wa maji. Mwaka huu, kama miaka kumi na mitano iliyopita, alikuwa Bi. Masunaga Kinoe.

"Sasa sikiliza hesabu," Kuroyanagi alisema akifungua faili, na ilionekana wazi kwamba hesabu aliipenda. "Majaruba mia moja na ishirini na saba. Kila moja mita za mraba elfu tatu. Bi. Kinoe ana kigingi chenye vipimo, anafunga mlango wa maji, anasoma maji yameshuka kiasi gani kwa siku. Kitabu chake kinasema sentimita tisa. Zidisha kwa siku arobaini. Toa mvuke, ambao kwa baridi hii ni kama hakuna. Unapata mita za ujazo milioni moja na laki tatu na ushee, zimezama. Kisima chetu cha kupimia kilipaswa kupanda mita moja na robo, hata zaidi."

"Kimepanda?"

"Kimeshuka sentimita ishirini."

"Hesabu haiwezi kukosea?"

Kuroyanagi alikaza shingo. "Nimeifanya miaka kumi na tisa, Inspekta. Haijawahi kupishana na kisima kwa zaidi ya upana wa kiganja. Wataalamu wa vyuo vikuu wanakuja kuinakili."

"Kwa hiyo unasema nini?"

"Nasema hakufungulia maji. Alikaa kwake miguu kwenye joto akaandika tisa, tisa, tisa. Kitabu kile ni hati ya serikali. Kukiandika uongo ni kosa la jinai, ndiyo maana nimewaita polisi." Alielekeza kidole kwenye kijumba cha ibada kando ya bwawa, ambako vibao vya mbao vyenye majina ya wasimamizi wote vilining'inia vikiwa vimepauka kwa umri. Vinne vya mwisho vilikuwa vya ukoo wa Masunaga. "Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka Ijumaa. Siku hiyohiyo kibao chake nakishusha kwa mkono wangu."

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Januari. Inspekta Tsubokawa alifuta mkono kwenye suruali, akaokota changarawe moja na kuitia mfukoni. Baba yake alikuwa mchimba visima, na tabia ya kukusanya mawe ya chini hakuwahi kuiacha. Akaomba faili.

*

Bi. Kinoe alimpokea jikoni, akamkaribisha kwenye meza fupi yenye joto chini yake, akamwekea bakuli la magimbi yaliyopikwa kwa mchuzi wa soya. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na mgongo ulionyooka kuliko wa inspekta.

"Kula kwanza. Mtu hahojiwi na mwenye njaa."

Inspekta alikula gimbi moja, likawa tamu, akala la pili. Kisha akafungua daftari.

"Kigingi anakisoma nani?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Saa moja asubuhi. Nasoma kilichoshuka, najaza jaruba, nafunga mlango wa maji. Kesho yake saa moja nasoma tena."

"Tarehe tatu Desemba ilianguka theluji ya kufika magotini. Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Nani alikuona?"

"Theluji."

"Bi. Kinoe, mimi sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Saa moja asubuhi, theluji magotini, unadhani nani mwingine alikuwa na akili za kutoka nje?"

Inspekta aliandika. "Kigingi kiko jaruba gani?"

"Namba saba. La Isokichi." Jina hilo alilitamka kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi. "Baba yangu ndiye aliyekipigilia pale miaka arobaini iliyopita, enzi za baba yake Isokichi, ambaye alikuwa mkulima kweli. Kigingi hakihamishwi. Ukikihamisha, mwaka huu hauwezi kulinganishwa na mwaka jana."

"Na majaruba mengine yote? Uliyafungulia maji?"

"Yote mia na ishirini na saba. Nilitembea kila tuta kwa miguu yangu."

"Mwaka huu mlifanya jambo lolote tofauti na miaka mingine?"

Vijiti vya Bi. Kinoe vilisimama juu ya bakuli. Si kwa muda mrefu, lakini inspekta alikuwa ameishi na mahojiano miaka ishirini na mbili.

"Tulifanya kazi nzuri kuliko mwaka wowote," alisema mama yule.

"Sikuuliza uzuri."

"Basi sina jibu lingine."

Inspekta aliinua macho. Ukutani, juu ya kabati la vyombo, zilitundikwa picha za mababu zenye fremu nyeusi, na kando yake palikuwa na mraba wa ukuta uliokuwa mweupe kuliko sehemu nyingine. Misumari miwili ilikuwa bado imo.

"Hapo palikuwa na nini?"

"Saa."

"Saa moja, misumari miwili?"

"Ilikuwa saa nzito."

"Unajua wewe ni mtuhumiwa wa kughushi hati? Kibao chako kinashushwa Ijumaa. Kama kuna kitu unakijua, hapa ndipo pa kukisema."

Bi. Kinoe alisukuma bakuli la magimbi mbele, mara ya pili. "Andika hivi, Inspekta. Nilifungulia maji, nilisoma kigingi, niliandika nilichosoma. Wanaume watatu wa ukoo huu walifanya kazi hii kabla yangu na hakuna aliyewahi kuongeza hata nukta. Mimi si mwongo. Zaidi ya hapo sisemi, hata ukilala hapa."

Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, inspekta alikuwa na mambo mawili kichwani. La kwanza, mama huyu hakuonekana kusema uongo kuhusu kigingi. La pili, kwenye hadithi ya saa alikuwa amedanganya waziwazi wala hakujali kukamatwa.

*

Mtu akiambiwa maji ya ardhini yamepungua, kwanza humtafuta mwenye pampu kubwa. Kuzugahara pampu kubwa kuliko zote ilikuwa ya kiwanda cha sake cha Minagawa, na inspekta alipoingia pale mwenye kiwanda alikuwa akimsubiri uani, mikono kwenye mikono ya joho, uso umejaa kiburi cha vizazi kumi na viwili.

"Nilijua utakuja," Minagawa alisema. "Kila kisima kikikohoa, mchawi ni mimi. Njoo uone."

Akamwonyesha mita yenye muhuri wa serikali, muhuri haujaguswa. Matumizi ya Desemba yalikuwa madogo kuliko ya mwaka uliopita. Akamwonyesha na mdomo wa kisima chenyewe: mita mia moja na kumi kwenda chini, kimepita tabaka la udongo mzito wa mfinyanzi linalotenganisha maji ya juu na ya chini.

"Visima vya majirani ni vya mita kumi, kumi na tano. Sisi na wao hatunywi chungu kimoja. Na nikuambie jambo jingine, Inspekta. Ningeiba maji, ningeyaibia nini? Sake yangu inashinda mashindano kwa sababu ya mji huu. Mtu hatii sumu kwenye bakuli lake mwenyewe."

Inspekta alikagua muhuri kwa kioo cha kukuzia, akapima mwenyewe kina cha maji kwa utepe, akalinganisha. Tabaka la chini lilikuwa palepale lilipokuwa mwaka jana. Akamshukuru, akakataa kuonja kwa kuwa yuko kazini, akatoka. Njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Njia ya pili ilijifungua yenyewe, na haikumpendeza. Chini ya mashamba, kwenye mfereji wa kutolea maji, bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani alikuwa akimimina magimbi yenye tope ndani ya pipa la mbao lililofungwa kwenye gurudumu. Gurudumu hilo husukumwa na maji ya mfereji, pipa huzunguka, magimbi husuguana mpaka yanatoka safi.

"Linazunguka vizuri," inspekta alisema.

"Siku hizi limelegea. Ungelikuta Desemba, binti yangu. Lilikuwa linakwenda usiku na mchana kama limepagawa. Miaka mingine siku za kufungulia maji huwa nalibeba nalirudisha ghalani, mfereji hauna hata tone, maji yote yameingia ardhini. Mwaka huu nimeosha magimbi ya mtaa mzima."

"Siku zote arobaini mfereji ulijaa?"

"Pomoni."

Inspekta aliandika. Ushahidi huu ulimpa Kuroyanagi kila alichokitaka. Maji ya mto yaliletwa, hayakuzama, yalipita moja kwa moja hadi kwenye mfereji wa chini. Mwendesha mashtaka angehitaji nini zaidi? Angeweza kwenda ofisini saa ileile, kuandika kurasa tatu na kuwahi chakula cha jioni nyumbani kwake. Lakini alikuwa binti wa mtu aliyefukuzwa kazi mara mbili kwa kukataa kusema "hapa kuna maji" kabla hajayaona, na tabia hiyo alikuwa ameirithi pamoja na mawe. Akaamua kwenda kukiona kigingi kwa macho yake.

Ili kufupisha njia alikata katikati ya mashamba. Theluji ilikuwa imetandaza majaruba yote yakawa uwanja mmoja mweupe, matuta hayajulikani yalipo. Aliweka mguu mbele, ukoko ukapasuka, na buti lake likazama hadi juu ya kifundo. Maji ya barafu yakaingia ndani.

Alitukana kwa sauti ya chini, akavuta mguu. Kisha akasimama vilevile, mguu mmoja umelowa, akifikiri.

Maji. Mlango wa mto ulifungwa tarehe ishirini na tisa Desemba, siku kumi na sita zilizopita. Kama Bi. Kinoe hakufungulia, maji haya yalitoka wapi? Na kama alifungulia, na yanazama sentimita tisa kwa siku, jaruba lilipaswa kukauka siku ya pili baada ya kufungwa. Aliingia jaruba la jirani kwa makusudi. Ukoko ukapasuka, maji. La tatu, maji. Alipita kumi na moja kwa namna hiyo huku soksi zikimganda, na kote alikuta hali ileile.

Jaruba la kumi na mbili theluji ilishikilia mguu wake. Chini yake kulikuwa na ardhi ngumu, na mabua ya mpunga yalichomoza juu ya theluji kama ndevu za mtu asiyenyoa. Mbele yake kigingi cha mbao chenye mistari ya rangi nyekundu kilikuwa kimesimama. Namba saba.

*

"Kama unatafuta mtu wa kukamata, afande, umefika," sauti ilisema. "Kijiji kizima kina ushahidi kwamba mimi ni mvivu."

Dehara Isokichi alikuwa amekaa barazani kwake kando ya jaruba, amejifunika koti la pamba lililochanika, anacheza shogi, sataranji ya Kijapani, peke yake pande zote mbili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye uso mwema na kucha safi kupita kiasi kwa mkulima.

"Kwa nini jaruba lako lina mabua na ya wenzako hayana?"

"Kwa sababu wenzangu waliyazika. Amri ya Bi. Kinoe." Alisogeza kete. "Novemba walikuja wageni, wajumbe wa miji yote yenye chemchemi, nchi nzima. Mabasi manne. Bi. Kinoe akasema haiwezekani tuwaonyeshe mabua na magugu, watatuona tunalala. Kila jaruba livurugwe tope na lisawazishwe kabla ya kufungulia maji, kama tunataka kupandikiza kesho. Siku tatu matrekta yalinguruma, nikakosa usingizi wa mchana. Lakini sikatai, afande, ilipendeza. Ukisimama barabarani ulikuwa unaona milima yote juu ya maji, na mawingu."

"Na wewe?"

"Trekta langu limevunjika."

"Tangu lini?"

"Mei." Alikohoa kidogo. "Siku ya wageni nilipewa kazi muhimu sana. Niliambiwa nikae ndani nisionekane."

"Miaka mingine kabla ya kufungulia maji huwa hamvurugi?"

"Kuvuruga kwa nini? Hakuna kinachopandwa. Tope la kupandikizia limeshakauka na kupasuka, tunafungulia juu ya mabua, basi. Miaka mingine wote wanakuwa wavivu kama mimi."

Inspekta aliyatazama mabua. Alimkumbuka baba yake amesimama ndani ya shimo, akiushika udongo kwa vidole viwili na kumwambia kwamba tope lililosuguliwa vizuri halipitishi hata machozi.

"Isokichi, una ndoo isiyo na kitako?"

"Afande, kwangu mimi vyenye vitako ndivyo adimu."

Alileta mbili. Inspekta alisafisha theluji kwenye jaruba namba saba, akakandamiza ndoo ya kwanza ardhini kwa uzito wake wote, akaijaza maji na kuchora mstari kwa penseli. Ya pili aliikandamiza kwenye jaruba la jirani, ambalo lilikuwa la Bi. Kinoe mwenyewe, ndani ya maji na tope, akachora mstari vilevile. Akatazama saa. Isokichi akaleta chai, wakacheza shogi, na inspekta akashindwa mara mbili.

Baada ya saa moja maji ya ndoo ya Isokichi yalikuwa yameshuka nusu ya upana wa kidole. Kwa Bi. Kinoe mstari wa penseli ulikuwa bado umelowa.

Inspekta aliomba sepetu. Alikata kipande cha ardhi kutoka jaruba la Bi. Kinoe, akakiinua juu ya ubao na kukitazama kwa ubavu. Juu kulikuwa na tabaka la tope jembamba, laini, limeshikana kama utando unaoganda juu ya uji. Halikuwa na tundu hata moja. Chini yake udongo ulikuwa na unyevu kidogo tu, na alipoufinya ulimomonyoka. Maji yalikaa juu ya udongo huo siku hamsini na sita bila kuufikia.

"Kigingi kilisema kweli," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Tisa, tisa, tisa. Kwenye jaruba hili moja. Kwa wenzako yameshuka labda nusu sentimita kwa siku, yaliyobaki yamemwagika juu ya tuta yakaenda kuosha magimbi."

Isokichi aliacha kete hewani. "Unamaanisha nini?"

"Namaanisha msimu huu jaruba lako moja limeshusha maji sawa na majaruba kumi na manane ya wakulima bora wa bonde hili."

Isokichi alilitazama jaruba lake na magugu yake kwa muda. Taratibu alinyoosha mgongo, akafunga vizuri mshipi wa koti. "Rudia tena hiyo, afande," alisema. "Polepole."

*

Saa kumi alasiri walikuwa watatu jikoni kwa Bi. Kinoe. Kuroyanagi aliitwa kwa simu, akafika na faili lake. Inspekta aliuweka ubao wenye kipande cha tope katikati ya meza, mahali pa bakuli la magimbi, akaeleza yote tangu gurudumu hadi ndoo.

Kuroyanagi alikigusa kile kipande kwa kidole, akakibonyeza, akakigeuza.

"Jaruba moja," alisema. "Nimechukua jaruba moja nikalizidisha kwa mia na ishirini na saba."

"Miaka yote kumi na tisa ilikuwa sawa," inspekta alisema, "kwa sababu yote yalifanana. Mwaka huu hayakufanana."

Bi. Kinoe hakuwa ameligusa lile tope. Hakuwa na haja, alilijua kama anavyoijua mikono yake.

"Ulijua lini?" inspekta alimuuliza.

"Tarehe mbili Januari. Nilipita kwenda kusalimia kaburi la mume wangu, nikaona jaruba langu bado lina maji. Nikakaa juu ya tuta."

"Kwa nini hukusema? Ungesema ukweli huo, hili faili lisingekuwepo. Ulikuwa tayari kuitwa mwongo."

Mama yule alinyanyuka, akafungua kabati la matandiko, akaingiza mkono nyuma ya magodoro. Alitoa fremu pana ya kioo, akaisimamisha kwenye magoti yake. Ndani yake kulikuwa na hati tisa zenye mihuri myekundu, za mashindano ya kuvuruga na kusawazisha mashamba ya bonde zima, nafasi ya kwanza, miaka tisa.

"Mwongo ni neno la Kuroyanagi," alisema. "Hilo mimi moyoni najua si kweli, kwa hiyo halinifiki. Lakini hili ni kweli. Chemchemi ya Tenjin babu yangu aliilinda, baba yangu aliilinda, mume wangu aliilinda. Mimi nimeikausha kwa kulima vizuri. Niliona aibu, Inspekta. Niliona heri kibao kishushwe kwa uongo wa mtu kuliko kwa ukweli wangu. Ndiyo maana nilizitoa hizi ukutani, sikuweza kula zikinitazama."

Kuroyanagi alifunga faili, akalifungua, akalifunga tena.

"Bi. Kinoe," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi. "Malalamiko nayafuta, na nakuomba radhi. Hayo mengine si lazima yatoke humu jikoni. Naweza kuandika hitilafu ya kipimo. Kigingi kimezeeka. Watu wataelewa."

"Kigingi hakina kosa."

"Najua, lakini..."

"Baba yangu alikipigilia na kimesema kweli miaka arobaini. Hutakisingizia ili kuniokoa mimi." Alikuwa amesimama sasa, na fremu ameikumbatia kifuani. Akamgeukia inspekta. "Una kalamu? Andika. Mimi, Masunaga Kinoe, msimamizi wa nne wa ukoo huu, niliamuru majaruba mia na ishirini na sita yavurugwe tope kwa ajili ya macho ya wageni. Yalivurugwa vizuri. Usiandike vizuri kidogo. Andika kwamba katika bonde hili hakuna mtu mwingine awezaye kufanya ardhi ya kokoto ishike maji siku hamsini na sita. Halafu andika kwamba ndivyo chemchemi ilivyokauka, na kwamba kosa ni langu. Yote mawili, kwa mfuatano huo. Nitatia sahihi."

Inspekta Tsubokawa aliandika yote mawili, kwa mfuatano huo. Katika miaka ishirini na mbili alikuwa amechukua maelezo ya kukiri mamia, na mengi yaliandikwa watu wakiwa wameinamisha vichwa. Haya aliyaandika yeye mwenyewe akiwa ameketi wima, na alijivunia kuwa ndiye aliyeyaandika.

Bi. Kinoe alitia sahihi, akatundika fremu kwenye misumari yake miwili, akarudi nyuma hatua moja kuona kama imenyooka. Kisha akamwuliza Kuroyanagi mto utakuwa na maji ya ziada mpaka lini.

"Mpaka mwisho wa Machi. Theluji ya mlimani ikianza kuyeyuka yatakuwa mengi."

"Yatosha, kama utando ule ukivunjwa. Ukatuliwe mabonge makubwa, ovyo, matundu yabaki." Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa anaipitia mikono ya wakulima wote wa bonde, mmoja mmoja, akitafuta anayeweza kulima vibaya kiasi hicho. Haikumchukua muda.

Waliongozana mpaka baraza la Isokichi, mama mbele, inspekta na mkuu wa idara nyuma. Isokichi alipowaona alitaka kusimama, akaangusha kete zote.

Bi. Kinoe aliinama mbele yake, mgongo wote, kama anavyoinama mbele ya kile kijumba cha vibao. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wenye utepe mwekundu. Kijiji kizima kiliujua. Ulikuwa wa trekta lake, ambalo hata mwanawe hakuruhusiwa kuligusa.

"Isokichi, kesho tunayakatua majaruba yote. Wewe utatangulia, sisi tutakufuata tuone unavyofanya."

Isokichi alitazama nyuma yake, kuona kama kuna Isokichi mwingine. Hakuwepo. Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida yetu."

"Bi. Kinoe," Isokichi alisema kwa upole wa mwalimu, "hapo ndipo mnapoanza kukosea."

Inspekta aligeuka upande akajifanya anatazama kigingi. Bi. Kinoe aliutazama mkono uliokuwa umeshika ufunguo wake.

"Haya," alisema. "Saa tatu."